Kiongozi Akisema Ameomba, Vita Vinakuwa Halali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza dagaa hapa mwaloni Kirumba. Jioni tukishafunga mizigo huwa tunakaa kwenye kahawa, na juzi ubishi ulitushinda. Mmoja alisema Tony Blair, yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitamka kwenye televisheni kwamba kwa vita vya Iraki yeye atahukumiwa na Mungu. Nilidhani watamcheka. Badala yake mlokole wetu na jirani yangu Muislamu, ambao huwa hawakubaliani hata bei ya kahawa, wakasema kwa sauti moja kwamba huyo ndiye kiongozi: mtu anayemwogopa Mungu akiamua vita, tuamini kaona mbali. Nikauliza, na waliokufa je? Nikajibiwa kwamba Nyerere naye alikuwa mtu wa misa kila siku na bado akampiga Amin, mbona yeye simuulizi. Hapo nilikwama. Naomba utusuluhishe: imani ya kiongozi inaweza kuhalalisha uamuzi wake wa kwenda vitani? Na hilo la Nyerere, kama Kanisa linataka kumtangaza mtakatifu, vita vile havimzuii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na jibu fupi ili wenzako wasiondoke kabla kahawa haijapoa: hapana, haiwezi. Imani inaweza kumkataza kiongozi vita, inaweza kumfunga mikono akiwa tayari vitani, na inaweza kumnyima usingizi vita vikiisha. Kuvihalalisha ni kazi nyingine, na hiyo haiiwezi.

Lakini sababu yangu siyo ile mnayoisikia kila siku, kwamba dini ibaki kanisani na msikitini, siasa ibaki Dodoma. Hiyo ni rahisi mno. Mtu anayeamini haachi kuamini akikaa kwenye kiti cha ofisi, na akijifanya ameacha atakuwa anatudanganya. Sababu yangu inatoka ndani ya dini zenyewe. Mlokole wako na jirani yako Muislamu wamempa kiongozi ruhusa ambayo dini zao hazimpi.

Kwanza tumtendee haki Blair, maana kijiwe kimemwongezea chumvi. Mahojiano yale yalikuwa Machi 2006, na aliyemhoji ni mtangazaji Michael Parkinson. Blair alisema, kwa maana yake, kwamba uamuzi kama ule mtu anaishi nao katika dhamiri. Ukiwa na imani unajua kuwa watu wengine watakuhukumu, na kama unamwamini Mungu, unajua na Mungu naye atakuhukumu. Hakusema ametumwa. Hakusema ameoteshwa. Tena watu aliwataja kwanza, Mungu akamtaja baadaye. Ruhusa ya kwenda vitani hakwenda kuitafuta madhabahuni, aliitafuta bungeni. Tarehe 18 Machi 2003 wabunge 412 waliunga mkono na 149 wakakataa, na hoja iliyowekwa mbele yao ilikuwa silaha za maangamizi za Saddam Hussein, mtawala wa Iraki.

Silaha hizo hazikupatikana. Julai 2016 tume ya Uingereza ya kuchunguza vita hivyo, iliyoongozwa na John Chilcot, ilitoa ripoti yake, ikasema siku vita vilipoanza njia za amani zilikuwa bado hazijaisha. Ripoti hiyo inasema kwamba hadi Julai 2009 Wairaki wasiopungua 150,000 walikuwa wamekufa, wengi wao raia, na kwamba huenda waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Wanajeshi wa Uingereza waliokufa kule ni 179. Uliuliza kuhusu waliokufa. Hao ndio wao, na ni haki yako kuwauliza.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa mlokole wako alitafakari. Februari 2003, kabla risasi haijapigwa, Blair alikwenda Vatikani na Papa Yohane Paulo II akamsihi vita viepukwe. Mwezi uliofuata Papa huyohuyo alimtuma Kardinali Pio Laghi hadi Washington kumwambia Rais wa Marekani, George W. Bush, maneno yaleyale. Maaskofu wa Kimethodisti wa Marekani, yaani wa dhehebu la Bush mwenyewe, nao walipinga. Viongozi wawili waliojulikana kuwa watu wa sala waliambiwa "msiende" na watu ambao kazi yao ni sala, wakaenda. Kwa hiyo anayesema imani ilihalalisha vita vile atuambie ni imani ipi. Mafundisho ya makanisa yao yalikuwa upande wa pili wa meza. Kilichobaki upande wao ni uhakika wa moyoni, na uhakika wa moyoni hata mlevi anao.

Jirani yako Muislamu bila shaka anaijua swala ya istikhara. Unaswali rakaa mbili, kisha unasoma dua ambayo Mtume aliwafundisha masahaba, ukimwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo na heri na akuepushe na lililo na shari. Ni ibada nzuri sana, na kiongozi anayeiswali kabla ya jambo kubwa siwezi kumlaumu. Ila mwambie amuulize sheikh yeyote hapa mjini: mtu anaweza kuswali istikhara ili ajue kama ale mali ya yatima? Atajibiwa kwamba haiwezekani. Istikhara inaswaliwa kwa mambo ambayo tayari ni ya halali, mtu anapochagua kati ya safari hii na ile, biashara hii na ile, mchumba huyu na yule. Haramu haiswaliwi istikhara, inaachwa tu. Maana yake ni kwamba uhalali wa jambo unatangulia kujulikana kwa dalili zake, ndipo mtu anasimama kuswali. Kiongozi anayesema "nimeswali, nimeona vita ni heri" hajatujibu swali letu. Amelirukia la pili kabla ya la kwanza.

Wakatoliki wanalo fundisho linalofanana na hilo kiasi cha kushangaza, na limetoka kwa askari. Ignasi wa Loyola alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akapona akiwa mtu mwingine, baadaye akaanzisha shirika la Wajesuiti. Katika mazoezi ya kiroho aliyowaandalia watu wanaotaka kuamua jambo mbele ya Mungu, ameweka sharti mapema kabisa: jambo linalopelekwa kwenye sala ya namna hiyo lazima liwe jema, au angalau lisiwe na ubaya ndani yake. Kilicho kiovu hakiingii mlangoni. Muislamu na Mkatoliki hawakuandikiana barua juu ya hili, lakini wote wawili waliuona mtego uleule: binadamu akitaka kitu sana, akafumba macho na kuomba, atasikia ndiyo.

Mlokole wako ataniambia yeye hana istikhara wala Ignasi, ana Biblia. Vizuri, aifungue 1 Wafalme sura ya 22. Sijui kama kuna hadithi nyingine ya kale inayoijua ofisi ya mkuu vizuri kama hii. Ahabu mfalme wa Israeli anautaka mji wa Ramoth-Gileadi ulio mikononi mwa Washami, na anamwomba Yehoshafati mfalme wa Yuda wapigane pamoja. Yehoshafati anakubali, ila anasema kwanza tumuulize BWANA. Ahabu anakusanya manabii, watu kama mia nne hivi. Wote wanasema: panda. Mmoja wao, Sedekia mwana wa Kenaana, anajitengenezea hata pembe za chuma za kuonyesha jinsi Washami watakavyosukumwa. Yehoshafati haridhiki. Anauliza kama hakuna nabii mwingine. Ahabu anajibu kwamba yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, "lakini namchukia", kwa sababu habashiri mema juu yake, hubashiri mabaya tu.

Soma hapo polepole. Mfalme hakukosa dini. Alikuwa na dini ya watu mia nne. Mjumbe aliyekwenda kumwita Mikaya alimnong'oneza njiani kwamba manabii wote wamesema mema, na yeye aseme vivyo hivyo. Mikaya alipofika na kusema ukweli, Sedekia alimpiga kofi shavuni, mfalme akaagiza atiwe gerezani alishwe chakula cha shida mpaka atakaporudi kwa amani. Halafu ona jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita: Ahabu, pamoja na uhakika wa manabii mia nne, aliingia vitani akiwa amejibadilisha mavazi ili asitambulike. Mwili wake haukuamini kile ambacho mdomo wake ulitangaza. Mtu mmoja akavuta upinde kwa kubahatisha, mshale ukampata mfalme kati ya mavazi ya chuma, na jioni akafa.

Kwa hiyo ukisikia kiongozi ameshauriana na watu wa Mungu kabla ya vita, swali la Yehoshafati bado ni zuri: hao ulioshauriana nao, yupo hata mmoja aliyekwambia hapana? Yuko wapi sasa?

Basi uhalali unapimwa kwa nini? Hapa siwezi kumpita Augustino, yule ambaye chuo kikuu cha Malimbe kinabeba jina lake. Alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali. Mtu aliyeishi na vita hadi mlangoni kwake hawezi kuviandika kwa mapambo. Alikubali kwamba vita vinaweza kuwa vya lazima, lakini aliona kwamba hata vya lazima ni vya kuliliwa. Miaka zaidi ya mia nane baadaye mwanateolojia Thomas wa Akwino alipanga mawazo hayo katika masharti matatu: vita vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na anayepigana awe na nia njema, si kulipiza wala kupora. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2309, imekaza zaidi: madhara ya mchokozi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko uovu unaoondolewa. Papa Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2020 aliongeza kwamba kwa silaha za siku hizi ni vigumu sana hata kuzungumzia vita vya haki.

Upande wa Uislamu, ruhusa ya kupigana katika Sura ya Hajj, aya ya 39 na 40, imetolewa kwa wale wanaopigwa kwa sababu wamedhulumiwa, waliotolewa majumbani mwao bila haki. Aya hiyo ya pili inataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kuwa mambo ambayo yangevunjwa kama Mungu asingewazuia watu kwa watu. Sura ya Baqara, aya ya 190, inaamuru kupigana na wanaokupigeni na inakataza kuanza uadui. Abubakar, khalifa wa kwanza, alipopeleka jeshi Sham, yaani upande wa Syria, aliwausia wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala wasikate miti yenye matunda.

Pitia orodha zote hizo na utafute mahali palipoandikwa "kiongozi awe ameomba na kupata amani moyoni". Hapapo. Kila sharti ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua. Ardhi imevamiwa au haijavamiwa. Mazungumzo yamefanyika au hayajafanyika. Silaha zipo au hazipo. Wewe unakaa sokoni, unajua: muuzaji anaweza kuapa kwa jina la Mungu kwamba gunia limetimia, na pengine anaapa kweli kwa moyo safi, lakini mnunuzi ataomba liwekwe kwenye mizani. Hajamtukana. Mizani ipo kwa ajili ya watu wawili wasioweza kuonana mioyo.

Tuje sasa kwa Nyerere, maana huko ndiko walikokukwamisha.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, raia wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tarehe 2 Novemba Nyerere alizungumza na taifa akatamka maneno ambayo hata watoto waliozaliwa baadaye wanayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Angalia kilichomo. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya ardhi na ya watu, na yeyote mwenye macho angeweza kwenda Kyaka kuikagua. Hata suala la uwezo lina mzizi katika Injili, pale Luka sura ya 14 inapomtaja mfalme anayeketi kwanza kufikiri kama kwa askari elfu kumi anaweza kumkabili anayekuja na elfu ishirini.

Alikuwa na nafasi ya kuyageuza yale kuwa vita vya msalaba, na angepata wafuasi. Amin alikuwa Muislamu, alikuwa ameiingiza Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974, na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa chini ya utawala wake Februari 1977. Mkatoliki wa Butiama akitaka kuhubiri juu ya hayo angekosa nini? Hakufanya hivyo. Na angejaribu asingefika mbali, kwa sababu mkuu wa majeshi yetu wakati ule alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo, Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe, na katika mahandaki walilala Waislamu na Wakristo na wale wa mizimu ya kwao, bega kwa bega. Vita vya Mungu wa Rais visingekuwa vita vyao.

Aliyeyaona mambo kwa miwani ya dini ni Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya. Yeye alimchukulia Amin kama ndugu Muislamu anayeshambuliwa na jirani Mkristo, akapeleka wanajeshi na ndege. Mamia ya Walibya walikufa Uganda, wengi wakiwa hawajui hata wamefuata nini. Na sisi wa Mwanza tulipata sehemu yetu: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya hapa mjini, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia Saanane na kuua swala. Kisiwa hicho leo ni hifadhi ya taifa. Wakati ule kilikuwa bustani ya wanyama. Ukitaka kumwonyesha mlokole wako namna vita vya imani vinavyopiga shabaha, mpeleke Capri Point akitazame.

Lakini nisimfanye Nyerere malaika, kwa sababu uliuliza kwa uaminifu. Kumtoa Amin Kagera ni jambo moja, na hilo linapita katika masharti yote niliyoyataja bila kutoa jasho. Kuvuka mpaka, kupita Masaka na Mbarara na hatimaye kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 ni jambo lingine. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekatazana kuingiliana, na katika mkutano wa Monrovia Julai 1979 Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu waziwazi. Hoja ya upande wetu ilikuwa kwamba Amin akiachwa atarudi, na kwamba Umoja huo ulikataa hata kumlaani mchokozi. Mimi naiona hoja hiyo inapita, lakini inapita kwa kuchechemea. Masaka inanisumbua zaidi. Mji ule uliharibiwa vibaya na majeshi yetu Februari 1979, kwa hasira ya yaliyotokea Kagera. Hapo sharti la Thomas juu ya nia linagonga mlango, na Nyerere mwenyewe alipopata habari alifadhaika akaagiza raia na mali zao zisiguswe tena.

Umeona lakini tunabishana kwa kitu gani? Kwa mpaka, kwa hatari ya kurudi, kwa nyumba za Masaka. Mganda, Mlibya, Mpagani na Mkatoliki wanaweza kukaa meza moja wakabishania hayo. Kama Nyerere angesema tu "niliomba nikaelekezwa Kampala", ubishi ungekuwa umekwisha na ukweli usingekuwa umepatikana.

Upande wa kaskazini wa ziwa letu upo mfano wa aliyesema hivyo. Alice Lakwena, mwaka 1986 na 1987, aliongoza maelfu ya vijana wa Acholi na makabila ya jirani kuelekea Kampala akiamini roho mtakatifu anamwongoza. Walipakwa mafuta ya miti ili risasi zisiwapate, na walikatazwa kujificha nyuma ya kitu wakati wa mapigano. Wakamalizwa karibu na Jinja. Watu wetu wa kusini walikuwa wamelipa gharama kama hiyo katika Maji Maji, ingawa wao dhuluma waliyokuwa wakiipinga ilikuwa ya kweli na kubwa. Imani ikichukua nafasi ya hesabu, anayelipa si yule aliyeoteshwa. Na ukidhani hayo ni mambo ya vijijini, Machi 2024 baraza linaloongozwa na Patriarki Kirill wa Moscow, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, liliviita vita vya Ukraine vita vitakatifu, dhidi ya watu ambao wengi wao ni Waorthodoksi kama yeye.

Hapa ziwani tumeshaliona hilo la ndugu wa dini moja kuelekezeana mtutu. Juni 1915 Waingereza walivuka kutoka Kisumu wakaivamia Bukoba, Julai 1916 wakaichukua Mwanza kwa Wajerumani. Wote wawili Wakristo, wote wawili na wachungaji wao. Novemba 1914 sultani wa Kiosmani huko Uturuki, mshirika wa Ujerumani, alikuwa ametangaza jihadi, hivyo askari Muislamu wa Mjerumani na askari Muislamu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakapigana huku kila mmoja akiswali kuelekea kibla kilekile.

Wenzako wana hoja moja ambayo sitaki kuipuuza. Wanasema anayemwogopa Mungu ni afadhali kuliko asiyeogopa chochote. Nakubali, kwa sharti kwamba woga huo uwe woga kweli. Anayeamini kwa dhati kwamba atasimama mbele ya hakimu asiyedanganyika anapaswa kuwa mzito zaidi kutangaza vita, na mwepesi zaidi kupokea mazungumzo. Anapaswa kuutafuta ushahidi unaompinga. Anapaswa kumwita Mikaya na asimpige kofi. Ukimwona kiongozi ambaye dini yake imemfanya awe mwepesi wa vita na mgumu wa kuulizwa, hiyo unayoiona si hofu ya Mungu. Amepata mkubwa wa kumtaja ili wadogo wanyamaze.

Na hukumu ya Mungu haiondoi hukumu ya watu. Blair mwenyewe alizitaja zote mbili. Kwetu, ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita kisha Bunge liitwe ndani ya siku 14 kulitafakari tangazo hilo. Mbunge hapimi sala ya Rais. Anapima sababu, na akiona hazitoshi anapaswa kusema hivyo hata kama Rais ametoka misa au Ijumaa asubuhi hiyo.

Ukirudi kijiweni wape jaribio hili, kila mmoja kwa zamu. Mlokole ajibu: Rais akiwa Muislamu, akasema ameswali istikhara na moyo wake umetulia juu ya vita, utampeleka mwanao bila kuuliza zaidi? Jirani yako ajibu: Rais akiwa mlokole, akasema amefunga siku tatu na Bwana amesema naye, utampeleka wako? Nina wasiwasi kila mmoja atataka sababu za ziada kutoka kwa rais wa mwenzake. Sababu hizohizo azitake na kwa wa kwake.

Nimalize na la utakatifu. Mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenye heri ulifunguliwa na Jimbo Katoliki la Musoma mwaka 2005, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kuongoza vita peke yake hakumzuii mtu. Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alifia Tunis mwaka 1270 akiwa kwenye vita vya msalaba, akatangazwa mtakatifu mwaka 1297. Jeanne d'Arc, binti aliyeongoza jeshi, alitangazwa mwaka 1920. Kinachochunguzwa ni namna mtu alivyoishi fadhila katika mambo aliyoyafanya, pamoja na magumu yake, kwa hiyo watakaosoma maisha ya Mwalimu lazima wafike Kagera, wavuke mpaka, na wafike Masaka. Waganda wanaoyajua ya mwaka 1979 pande zote mbili bado wako hai. Wengi wao, pamoja na mahujaji kutoka kwetu, hukutana Namugongo, penye kumbukumbu ya Mashahidi wa Uganda, kila mwanzo wa Juni, na moja ya nia za misa yao ni huyo mtu aliyepeleka majeshi nchini kwao.